Muda wa Kumeza Mate

(Hotuba hii ilisomwa redioni. Tunaichapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuisikia, na wale walioomba kuisoma tena.)

Somo: Ayubu 7:17–19

Nawasalimu nyote: ninyi mlioketi pamoja na jamaa zenu, nawe uliye peke yako jikoni ukingoja chai ichemke, na wewe mgonjwa unayesikiliza ukiwa kitandani. Karibuni tuwe pamoja kwa dakika chache.

Katika somo letu la leo mzee Ayubu amechoka. Maumivu hayampi nafasi, mchana wala usiku. Ndipo anamwuliza Mungu ataendelea kumkazia macho mpaka lini, naye anaomba aachwe walau kwa ule muda mdogo ambao mtu humeza mate yake. Nilipokuwa chuoni nilikisoma kifungu hiki mara nyingi. Nilidhani kwamba Ayubu alitafuta tu jambo dogo kuliko yote, ili aonyeshe ufupi wa muda anaouomba. Kwa maana kumeza mate ni nini? Hata mtoto mchanga humeza, wala hakufundishwa na mtu.

Lakini miaka michache iliyopita, nyumbani kwetu Kinondo, nilijifunza kwamba muda huo si jambo dogo. Uhai wa mtu umo ndani yake. Nitawaeleza jinsi nilivyojifunza, ingawa habari yenyewe hainipi sifa.

Baba yangu alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kuume ukalegea, mdomo ukaenda kombo. Alitibiwa, kisha tukaruhusiwa kumrudisha nyumbani, nasi tukamshukuru Mungu. Kazi ya kumlisha tuligawana: mimi asubuhi, mke wangu mchana na jioni. Nami, ndugu zangu, nilikuwa mtu wa haraka. Nilikuwa na ibada, na mikutano, na wagonjwa wa kuwatembelea huko nje, hali mgonjwa wangu mwenyewe yumo ndani. Nilimlaza Baba kichwa juu ya mto, nikamnywesha uji kijiko baada ya kijiko, jicho moja likitazama saa.

Siku za kwanza alikohoa sana alipokuwa akinywa. Baada ya siku kadhaa kikohozi kikakoma. Nikamwambia mke wangu kwa furaha, "Baba anapata nafuu, hakohoi tena." Sauti yake tu ndiyo iliyokuwa na majimaji, kama ya mtu anayesema huku ana maji kooni. Hatukuijali.

Haukupita muda mrefu homa ikampanda, akawa anahema mbio mbio. Tulipomfikisha hospitalini tuliambiwa kwamba ana kichomi, na kwamba uji umekuwa ukiingia mapafuni. Muuguzi mmoja akaniuliza kwa upole, "Mchungaji, mzee mnamlisha akiwa ameketi, au akiwa amelala?" Sikuwa na jibu.

Wapenzi wasikilizaji, nataka leo nieleze yale yaliyokuwa yakitendeka kooni mwa Baba, na yale yanayotendeka kooni mwako wakati huu. Kwa maana wengi wetu tunalisha watoto, au wazee, au wagonjwa, na kila tunapoinua kijiko tumeshika jambo zito mkononi.

Hebu fanya hivi hapo ulipoketi. Weka kidole mbele ya shingo yako, pale penye kile kifundo kigumu ambacho kwa wanaume huonekana wazi. Sasa meza mate. Umeona? Kifundo kimepanda, kisha kikashuka na kurudi mahali pake. Hicho ni koromeo, kisanduku cha sauti, nacho ndicho mlango wa bomba la pumzi. Meza tena, na safari hii jaribu kuvuta pumzi wakati uo huo. Utaona kwamba haiwezekani. Unapomeza, pumzi husimama.

Kwa nini pumzi isimame? Sisi watu wa pwani ya kusini twaweza kulielewa jambo hili upesi, kwa sababu twaijua Likoni. Pale Likoni ziko njia mbili zinazokatana. Iko njia ya feri, inayokwenda ng'ambo na kurudi, kwenda na kurudi, usiku na mchana. Na iko njia ya meli kubwa zitokazo bahari kuu kwenda bandari ya Kilindini. Meli inapoingia, feri hutulia. Abiria wataguna, wenye mikokoteni watapiga kelele, lakini feri itangoja mpaka meli ipite. Maji ni yale yale, nayo haiwezekani vyombo viwili vipite mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Kooni mwetu ni vivyo hivyo. Pumzi huingia kwa pua, iliyo juu, lakini bomba liendalo mapafuni liko mbele ya shingo. Chakula huingia kwa kinywa, kilicho mbele, lakini umio, yaani njia ya chakula iendayo tumboni, uko nyuma ya bomba la pumzi. Basi hapana budi njia hizi mbili zikatane, nazo hukatana kooni. Pumzi ni ile feri: yaenda na kurudi maisha yetu yote. Chakula, maji na hata mate ni ile meli. Kila meli inapokuja, feri hutulia kidogo. Jambo hili hutukia zaidi ya mara 500 kwa siku moja, hata usingizini, wala hatulihesabu.

Sasa tuangalie jinsi njia hiyo inavyolindwa.

Kazi huanza kwa hiari yetu. Twatafuna, ulimi hukusanya tonge na kulisukuma nyuma. Hapo bado waweza kubadili nia na kulitema. Lakini tonge likiisha kugusa sehemu ya nyuma ya koo, amri hutoka mkononi mwako. Shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, hushika usukani, na zaidi ya misuli 25 hufanya kazi kwa zamu, kila mmoja kwa wakati wake.

Kaakaa laini, ile sehemu ya nyuma ya dari ya kinywa, huinuka na kuziba njia ya puani. Ndiyo sababu mtu akichekeshwa katikati ya kunywa, chai huweza kumtoka puani: mlango huo uliachwa wazi. Wakati huo huo pumzi husimama. Koromeo huvutwa juu na mbele, likajificha chini ya shina la ulimi, kama mtu ajikingaye chini ya upenu mvua inapokuja. Kifuniko kidogo kilicho nyuma ya ulimi huinamia nyuma na kulifunika koromeo. Na ndani ya koromeo, nyuzi zile zile mbili zinazotupa sauti hukutana na kubana kabisa, na juu yake mikunjo mingine miwili hubana pia. Ndipo pete ya msuli iliyo mlangoni mwa umio, ambayo kwa kawaida hukaa imefungwa, hulegea na kufunguka. Tonge hupita.

Haya yote huchukua muda wa sekunde moja hivi. Kisha koromeo hushuka, milango hufunguka, na feri yetu yaendelea na safari. Tena, mara nyingi pumzi ya kwanza baada ya kumeza huwa ni ya kutoka nje, si ya kuingia, kana kwamba mlangoni panafagiliwa kwanza ili chembe iliyosalia isivutwe ndani. Tonge nalo husukumwa na umio, ambao kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi, mpaka tumboni.

Watu wengi hudhani kwamba kile kifuniko peke yake ndicho kinachotulinda. Vitabu vingine hukiita kidakatonge, jina ambalo wengine hulitumia kwa kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Jina ni zuri, lakini halielezi mambo yote. Mwaka 1813 François Magendie, daktari wa Ufaransa, alitoa taarifa kwamba mbwa walioondolewa kifuniko hicho waliendelea kumeza vema. Katika siku zetu wako wagonjwa wa saratani ambao wamekatwa kifuniko hicho, na baada ya kujizoeza wengi wao hula tena. Basi ulinzi wetu hautegemei mlinzi mmoja. Ni wengi, kila mmoja na kazi yake, nao hufanya kazi kwa kungojana. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za mwili na viungo vyake, alisema neno ambalo koo hulithibitisha kila siku.

Lakini yuko mlinzi wa mwisho, naye ndiye nisiyemfahamu nilipokuwa nikimlisha Baba. Huyo ni kikohozi.

Mara nyingine chembe hupenya. Tumecheka, tumesema na chakula kinywani, tumekunywa maji kwa pupa baada ya kulima. Ndipo twasema, "Nimepaliwa." Ngozi laini ya koromeo hukihisi kitu kigeni papo hapo, nasi twakohoa kwa nguvu mpaka machozi yatoke. Upepo wa kikohozi hukitupa nje kile kisicho na haki ya kuwa pale. Kukohoa namna hiyo si ugonjwa. Ni mlinzi anayepiga kelele kwa sababu amemwona mwizi.

Sasa fikirini habari za mtu mwenye kiharusi. Ubongo umeumia, misuli imelegea, koromeo lachelewa kupanda, na uji wafika mlangoni kabla mlango haujafungwa. Mwanzoni mlinzi angali macho, naye hupiga kelele: mgonjwa hukohoa. Lakini kwa wagonjwa wengine koo hupoteza hisi, au nguvu za kukohoa huisha. Uji huingia bila hata kikohozi kimoja. Kikohozi cha Baba kilipokoma, uji haukukoma kuingia. Mlinzi ndiye aliyenyamaza. Na ile sauti yenye majimaji niliyoipuuza ilikuwa ni uji na mate yaliyotuama juu ya nyuzi za sauti. Mimi nilisikia kimya, nikakiita nafuu.

Huenda mtu akauliza, Kwa nini Muumba hakuzitenga njia hizi mbili, tukaepukana na hatari hii? Swali hili nimeulizwa na vijana wa kipaimara, nalo si swali baya. Nitasema lile linalojulikana. Koromeo la mtoto mchanga liko juu sana, karibu na nyuma ya kaakaa, na hali hiyo humsaidia anaponyonya. Lakini mtoto huyo hawezi kutamka maneno. Anapokua, koromeo lake hushuka polepole, na nyuma ya ulimi hupatikana nafasi. Wataalamu wengi husema kwamba nafasi hiyo ndiyo inayotuwezesha kuzigeuza sauti zetu kuwa maneno mengi namna hii. Basi mahali pale pale penye hatari ndipo neno linapoumbika. Kinywa kimoja chala, chapumua, chaomba na kuimba. Tumepewa zawadi kubwa, nayo inataka uangalifu.

Turudi kwa Baba. Alitibiwa kichomi, akaponea chupuchupu. Tulipomrudisha nyumbani mara ya pili, alikuja kututazama mama mmoja jirani yetu, Mwislamu, ambaye alimuuguza mumewe kwa miaka miwili. Alikaa kimya akinitazama nikishika bakuli. Kisha akasema, "Mwanangu, mzee halishwi kwa saa. Hulishwa kwa koo lake. Litazame lipande, lishuke, ndipo utie kijiko kingine." Akakichukua kijiko mkononi mwangu, akanionyesha. Tangu siku hiyo nilianza kumlisha baba yangu.

Nitayasema hayo niliyojifunza kwake na kwa wauguzi, nanyi mwaweza kuyaandika.

Kwanza, mgonjwa aketi wima, mgongo umeegemezwa. Asilishwe akiwa amelala, wala kichwa kisiinuliwe kuelekea juu kama tunavyofanya tukitaka kummiminia mtu dawa. Kichwa kikiinama nyuma, njia ya pumzi hufunguka zaidi. Kidevu na kielekee chini kidogo.

Pili, kijiko kiwe kidogo, na chakula kiwe kidogo. Mtazame koromeo. Lipande, lishuke, kisha hakikisha kwamba kinywa ni kitupu, hasa shavu la upande uliolegea, maana chakula hujificha humo. Usimwulize habari akiwa na chakula kinywani. Akitaka kukujibu, itambidi aufungue mlango.

Tatu, jueni kwamba maji matupu mara nyingi ni magumu kuliko uji mzito. Maji hukimbia, nayo hufika mlangoni kabla mlinzi hajajiandaa. Mwulizeni daktari au muuguzi ni chakula gani kinachomfaa mgonjwa wenu, na kama aweza kumeza salama. Wako wasioweza, nao hulishwa kwa mpira upitishwao puani. Na mtu aliyezimia asipewe kitu chochote kwa kinywa, hata maji kidogo ya kumburudisha.

Nne, akiisha kula asilazwe mara moja. Na akae wima nusu saa. Kisha msafisheni kinywa na meno kila siku, kwa sababu uchafu wa kinywani ukishuka mapafuni pamoja na mate huleta kichomi.

Tano, msikilizeni sauti yake. Ikiwa na majimaji baada ya kula, au akihema upesi, au homa ikimpanda jioni baada ya jioni, msiseme ni uzee. Mpelekeni hospitali.

Sasa niseme neno kwa ajili ya watoto.

Pwani yetu ina vitu vitamu vya kuchezea kinywani: mabuyu, korosho, karanga, pipi. Mtoto wa chini ya miaka 5 hajawa na meno ya kusaga vema, na bomba lake la pumzi ni jembamba. Tonge la mtu mzima la dharau laweza kuwa kifo kwake. Asipewe korosho na karanga nzima, wala mbegu za ubuyu, na asile huku anakimbia, akilia au akicheka. Tena tuache ile desturi ya kumbana mtoto pua ili ameze dawa chungu au uji asioutaka. Mtoto aliyebanwa pua hana pengine pa kuvutia pumzi ila kinywani, nacho kimejaa. Tunailazimisha feri ipite mbele ya meli.

Mtu akipaliwa mbele yenu, mtazameni kwanza. Akikohoa kwa nguvu, akaweza kusema au kulia, mwacheni akohoe, mkimtia moyo. Mlinzi yuko kazini. Lakini akishika shingo, asiweze kukohoa wala kutoa sauti, midomo ikaanza kubadilika rangi, hapo msingoje. Mwinamishe mbele, umpige kati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja, kwa nguvu, mara 5. Kitu kisipotoka, simama nyuma yake, umzungushie mikono, weka ngumi juu ya kitovu na chini ya chembe cha moyo, uvute ndani na juu kwa ghafula, mara 5. Rudia hivyo kwa zamu. Njia hii ya kubana tumbo ilielezwa mwaka 1974 na Henry Heimlich, daktari wa Marekani, nayo imewaokoa wengi. Mama mjamzito abanwe kifua badala ya tumbo.

Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja msimbane tumbo kamwe. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako ulioegemea paja, kichwa kikiwa chini na kimeshikwa vema. Mpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze chali umbonyeze katikati ya kifua mara 5, na kurudia. Msitie kidole kinywani kutafuta msichokiona, maana mwaweza kukisukuma ndani zaidi. Na mtu akizimia, mlazeni chini, mwanze kumbonyeza kifua, na mwingine akimbilie gari. Baada ya kuokolewa kwa kubanwa tumbo, mtu aonwe na daktari, hata akisema ni mzima.

Tena angalieni jambo moja. Mtoto alipaliwa na karanga, akakohoa sana, kisha akatulia akaendelea kucheza. Lakini tangu siku hiyo ana kikohozi kisichokwisha, au kifua chapiga filimbi. Huenda karanga haikutoka, bali imeshuka ikakaa mapafuni. Hapo pia kimya kilitudanganya. Mwelezeni daktari habari ya siku ile, msimfiche.

Mwiba wa samaki ukikwama, msimshindilie mtu matonge ya wali au sima ili ausukume. Waweza kudungwa zaidi na kujeruhi koo. Na mtoto akinywa mafuta ya taa, msimtapishe: yakipanda tena, huingia mapafuni kwa urahisi, na huko ndiko hudhuru zaidi. Mpelekeni hospitali mara moja.

Neno la mwisho ni juu ya kilimi. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto akikohoa siku nyingi au akikataa kunyonya, wako wasemao kwamba kilimi kimerefuka, na hupelekwa kukatwa kwa wembe au kisu. Ndugu zangu, kilimi ni sehemu ya kaakaa lile linaloziba njia ya puani tunapomeza. Hakileti kifua kikuu wala kichomi. Wako watoto waliotoka damu mpaka kufa, na wengine waliopata pepopunda kwa chombo kichafu. Na ule ugonjwa uliosababisha kikohozi hubaki pale pale, huku siku za kuutibu zikipita. Mtoto anayekohoa apelekwe kwa daktari. Tusimwadhibu mlinzi kwa kosa la mwizi.

Wapenzi wasikilizaji, sasa mwafahamu kwa nini siwezi tena kukisoma kile kifungu cha Ayubu kama nilivyokisoma chuoni. Yule mzee aliyeumwa mwili mzima aliomba nafasi ya kumeza mate tu. Huenda wagonjwa wetu waomba vivyo hivyo, ila hawana sauti. Mzee aliyefumba midomo hakatai chakula chetu sikuzote. Mara nyingine anasema, "Ngojeni, sijameza."

Baba aliishi nasi miezi minane baada ya siku zile. Kumlisha kifungua kinywa kulichukua muda wa saa nzima. Nilichelewa mikutano mingi, na wazee wa kanisa walizoea kuanza bila mimi. Katika saa hizo nilijifunza kumtazama baba yangu usoni, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni. Hakuweza kusema maneno mengi. Lakini kila mara koromeo liliposhuka alinitazama, kunijulisha kwamba yuko tayari. Hatimaye alilala usingizi usiku mmoja, hakuamka. Hakufa kwa uji wangu. Kwa hilo namshukuru Mungu kila siku.

Basi leo utakapoinua kijiko kwa ajili ya mtoto, au mzee, au mgonjwa, kumbuka feri ya Likoni. Tulia kidogo, meli ipite. Ni muda wa sekunde moja tu, nao ndio upendo ambao Bwana anaudai kwako asubuhi hiyo.

Tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyetupulizia pumzi ya uhai, nawe watupa chakula kwa wakati wake, twakushukuru kwa ulinzi ambao hatuuoni. Utusamehe haraka zetu. Uwatie nguvu wote wanaowalisha wasiojiweza, uwape macho ya kuona na mikono isiyo na pupa. Uwakumbuke wagonjwa ambao hata kumeza mate ni kazi kwao, uwape raha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.